Oili Chafu Si Kinga ya Kutu

Hoja kwamba lori la pwani hulindwa vya kutosha kwa kupakwa oili chafu, kisha lami, kwenye chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini, kabini na bodi, inapuuza namna kutu inavyofanya kazi. Kutu huzaliwa chuma kinapokutana na maji na oksijeni, na chumvi, iwe ya upepo wa bahari wa Mombasa au ya maji yanayovuja kwenye shehena ya samaki, huichochea kwa kuyawezesha maji kupitisha umeme vizuri zaidi. Lami ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu ndani ya magamba yake, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, tabaka la lami husukumwa na kuachana na chuma, ilhali kwa macho bado linaonekana zima. Oili chafu nayo huvimbisha bushi za raba, huoshwa na mvua za masika na kuchafua udongo. Unafuu wake, kwa kweli, hulipiwa na jirani.

Kinachofaa ni kuosha chumvi kwa maji baridi, kukwangua kwa brashi ya waya hadi chuma kitokeze, kisha, kikishakauka, kupaka rangi ya msingi yenye zinki, metali inayokubali kuliwa kwanza badala ya chuma. Lami huja mwisho, na matundu ya kutolea maji huachwa wazi. Boriti iliyokwisha kutoboka haiponywi na rangi yoyote.