Beni: Kabla ya kupiga makofi, tuulize seva ya leseni inataka nini

Maoni ya mwandishi wetu wa Beni

Leo nazungumzia mashine moja iliyokaa chini ya meza ya mwalimu. Mashine hiyo imewafunga mikono vijana wetu kwa wiki tano.

Kituo kimoja cha ufundi hapa mjini, ambacho sitakitaja jina, kilipewa mwaka jana kompyuta 18 za kubeba pamoja na programu ya kuchora ramani za nyumba. Picha zilipigwa, hotuba zikatolewa, watu wakanywa sukari wakaenda nyumbani. Wanafunzi wengi pale ni watoto wa familia zilizohama Eringeti, Mbau na vijiji vya upande wa Ituri. Mmoja wao, binti ambaye mama yake anauza mihogo barabarani, alikuwa amebakiza kurasa mbili za ramani yake ya mwisho. Bila ramani hiyo hapewi cheti, na bila cheti hana cha kumuonyesha mhandisi anayetafuta wasaidizi.

Mwezi wa kumi radi ilipiga, kadi ya mtandao ya mashine ile ya chini ya meza ikaungua. Fundi alinunua nyingine sokoni, akaiweka, mashine ikawaka vizuri. Programu ya kuchora ikakataa kufunguka kwenye kompyuta zote 18.

Tueleze kidogo. Programu za bei kubwa mara nyingi haziweki ruhusa yake ndani ya kila kompyuta. Ruhusa zote hukaa kwenye mashine moja ya mtandao, ndiyo inaitwa seva ya leseni. Ni kama mlinzi mwenye funguo 10: mwanafunzi akifungua programu anapewa ufunguo, akifunga anaurudisha, na wa kumi na moja anangoja. Programu huendelea kumuuliza mlinzi kila baada ya muda kama bado yupo. Mlinzi akinyamaza, kazi inasimama.

Mlinzi huyo naye ana kitambulisho. Katika mfumo wa FlexNet, ambao makampuni mengi huutumia, faili ya leseni huandikwa jina la seva na mara nyingi namba ya kadi yake ya mtandao. Ukibadilisha kadi, kwa programu hiyo ni seva nyingine kabisa, hata kama sanduku ni lile lile. Lazima muuzaji atoe faili mpya, na muuzaji humsikiliza mwenye akaunti tu. Hapa kwetu akaunti ilikuwa kwa jina la mfanyakazi wa mradi. Mradi uliisha na yeye akarudi kwao. Barua zinakwenda, jibu halirudi.

Nimeona karatasi ya masharti iliyokuja na zawadi. Ukurasa mmoja: kumbukumbu kiasi gani, prosesa gani, nafasi gani kwenye diski, Windows ya mwaka gani. Hayo yote yalitimizwa, na kusema kweli ndiyo mepesi kuliko yote. Seva ya leseni haifanyi kazi nzito, hata mashine ya zamani inaiweza. Yaliyotuangusha hayakuandikwa.

La kwanza ni umeme. Kompyuta za kubeba zina betri. Delestaji ikija, mwanafunzi angeweza kuendelea saa mbili au tatu. Lakini seva haina betri, wala kile kisanduku kinachounganisha nyaya. Vikizimika hivyo viwili, kompyuta 18 zenye betri zilizojaa zinakuwa sinia za kubebea chai. Betri moja ya akiba kwa seva na kisanduku ingewapa vijana muda wa kumaliza somo, na labda ingeikinga kadi ile. Hakuna aliyeiweka kwenye bajeti.

La pili ni saa. Mashine ikizimwa mara kwa mara na kale kabetri kadogo ka ndani kakafa, tarehe inarudi nyuma miaka. FlexNet ikiona saa imerudishwa nyuma, inadhani unaiba siku na inaweza kukunyima leseni. Halafu kuna milango ya mtandao. FlexNet kwa kawaida hutumia namba kati ya 27000 na 27009, lakini kuna mlango wa pili ambao hubadilika kila seva inapowashwa, isipokuwa fundi ameuwekea namba isiyobadilika. Asipofanya hivyo, ulinzi wa Windows unaufunga na darasa linalala. Kuna pia mpango wa seva tatu zinazosaidiana, ambapo mbili zikiwa hai kazi inaendelea. Seva tatu! Sisi hata moja tunailindia radi kwa maombi.

Windows yenyewe ina mambo yake. Mfumo wa KMS, wa kuruhusu kompyuta nyingi za taasisi moja, hauanzi kazi mpaka kompyuta 25 ziwe zimeiomba seva ruhusa. Kituo chenye 18 hakitafika hapo, ni lazima kiombe leseni ya aina nyingine. Na ruhusa ya KMS hudumu siku 180, kompyuta isipoiona seva kwa muda huo inaanza kulalamika. Sasa fikirieni sisi. Risasi zikilia, mtu hubeba mtoto, godoro, na akiweza kompyuta. Hakuna anayebeba seva. Leseni iliyofungwa kwenye chumba kimoja ilitungwa kwa ajili ya watu ambao hawajawahi kukimbia chumba chao.

Mwalimu mmoja wa kituo hicho alinionya nisichochee watu wakatae zawadi. Alisema wahandisi wa barabara wanauliza AutoCAD, hawaulizi kitu kingine. Ana haki. Na kugawana funguo 10 kwa wanafunzi 18 ni njia nzuri ya kupunguza gharama, kuliko zile kopi zilizovunjwa zinazopita kwenye flashi na kuleta virusi.

Basi tupokee, lakini tuulize kabla ya kusaini. Akaunti itakuwa kwa jina la nani, la kituo au la mtu wa mradi? Leseni inaisha lini na nani ataifufua? Seva ikiungua, faili mpya inaombwa wapi? Mwanafunzi anaweza kukopa leseni kwa siku kadhaa na kuondoka na kompyuta? Mifumo mingine inaruhusu hilo, na kwa familia zilizohama swali hili ndilo la kwanza.

Na misingi ya kuchora ifundishwe kwenye programu zisizo na mlinzi: LibreCAD kwa michoro ya nyumba, QGIS kwa ramani za ardhi, LibreOffice kwa barua na hesabu. Hizo unanakili kwa flashi na kwenda nazo Butembo au kokote. Mchoro wa LibreCAD uliohifadhiwa kama DXF unafunguka pia kwenye AutoCAD, kwa hiyo kijana hapotezi kazi yake akipata nafasi ya programu kubwa.

Binti yule ameanza tena ramani yake kwa LibreCAD, kwenye kompyuta ya kuazima, jioni. Ile ya kwanza anayo kwenye flashi, lakini ni faili ya programu iliyofungwa, hawezi kuifungua. Anachora kwa kukumbuka. Alhamisi wazazi wanakutana na viongozi wa kituo. Maswali yale niliyachapisha kwenye karatasi, nakala zipo kwa mlinzi wa getini, huyo wa kweli.