Kubadili redio bila kwaheri si ungwana

MWENYE redio ana haki ya kubadilisha vipindi vyake apendavyo. Leseni ni yake, mitambo ni yake, na hasara ikitokea itakuwa yake vilevile. Hayo siyakani hata kidogo. Ninalotaka tulitafakari leo, msomaji mpenzi, ni iwapo haki hiyo humwondolea wajibu wa kuwaaga wale waliomfuata kwa miaka na mikaka.

Swali hili huzuka kila mara kituo kinachopiga nyimbo za zamani kinapogeuzwa sura. Wasikilizaji hupiga simu na kuandika barua za kulalamika, nao wenye kituo huwajibu kwamba biashara ni biashara. Aghalabu mabishano huishia hapo, kwani mwenye nguvu mpishe.

Kuna mji mmoja, hata hivyo, ambako hayakuishia hapo, na kisa chake kinafaa kutufunza sisi tulio mbali.

Mjini New York, Marekani, kituo cha WCBS-FM kilianza kupiga nyimbo za zamani mwaka wa 1972. Kwa zaidi ya miaka 30 wakazi wa mji huo walijua kwamba wakifungulia masafa ya 101.1 watazipata nyimbo za ujana wao. Zilikuwamo zile za miaka ya hamsini za vijana waliopokezana sauti katika mtindo uitwao doo-wop, na zilikuwamo pia za miaka ya sitini na sabini.

Watangazaji wake walijulikana mji mzima. Mmoja wao, Bruce Morrow, alikuwa akisikika katika redio za New York tangu kabla ya Kenya kupata uhuru, na wasikilizaji walimwita binamu yao, Cousin Brucie. Mtu hamwiti mgeni binamu. Jina hilo peke yake latosha kuonyesha jinsi sauti ya redio inavyoweza kuingia nyumbani mwa watu ikawa ya jamaa.

Ijumaa jioni, tarehe 3 Juni, 2005, nyimbo hizo zilikatika. Mahali pake paliingia mtindo uitwao Jack, uliozuka Canada miaka michache kabla ya hapo. Mtindo huu huchanganya nyimbo za miongo mbalimbali, hauna watangazaji wa kawaida, na wito wake ni kwamba kituo hupiga kile kinachotaka chenyewe.

Wasikilizaji hawakuwa wametangaziwa lolote. Watangazaji nao hawakupewa hata dakika chache za kuaga. Siku iyo hiyo kampuni iyo hiyo iliigeuza redio yake ya nyimbo za zamani mjini Chicago, WJMK, kwa namna hiyo hiyo.

Kwa nini ilifanya hivyo? Sababu ni hesabu. Redio ya kibiashara haiuzi nyimbo. Huuza masikio ya wasikilizaji kwa wenye kutangaza bidhaa. Nao watangazaji wa bidhaa nchini Marekani kwa muda mrefu wameyathamini zaidi masikio ya watu walio kati ya miaka 25 na 54. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 15 mwaka wa 1958 alikuwa ametimiza miaka 62 ilipofika 2005. Mbele ya wenye hesabu, mtu huyo alikuwa bado anasikiliza lakini hahesabiki.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Wasikilizaji wale walielewa kwamba kituo chao hakikuzimwa kwa kukosa watu. Kilizimwa kwa sababu watu wake walikuwa wamezeeka. Kuambiwa kwamba wimbo umepitwa na wakati ni jambo la kawaida, na mtu mzima hucheka. Kuambiwa kwamba wewe mwenyewe ndiwe uliyepitwa ni matusi.

Basi wakaja juu. Malalamiko yalimiminika kituoni na magazetini, na hata meya wa mji, Michael Bloomberg, alitoa hasira zake hadharani. Bruce Morrow alihamia redio ya setilaiti, ambayo msikilizaji huilipia. Wenye kituo walijaribu kuwatuliza watu kwa kuzihamishia nyimbo za zamani kwenye mtandao, lakini wengi hawakutulizika. Viwango vya usikilizaji vya kituo kipya vilishuka vibaya, na mapato yakafuata njia hiyo.

Tarehe 12 Julai, 2007, baada ya Dan Mason kushika uongozi wa kampuni hiyo ya redio, Jack aliondolewa na nyimbo za zamani zikarudishwa. Wasikilizaji walikuwa wameshinda.

Walishinda, lakini si wote. Kituo kilichorudi hakikuwa kile kilichoondoka. Nyimbo za miaka ya hamsini zilipungua mno, na za miaka ya themanini zikaongezwa ili kuwavuta watu wa umri wa chini kidogo. Wazee wa doo-wop, ambao ndio waliokuwa wametupwa mbali zaidi, ndio waliorudishiwa kidogo zaidi. Hesabu ilikuwa imekubali kusogea, haikukubali kuondoka.

Huenda msomaji akauliza, je, sheria haikuweza kuwalinda? Ilikwisha kujaribiwa katika mji uo huo. Mwaka wa 1974 kituo cha WNCN, kilichokuwa kikipiga muziki wa watunzi wakuu wa Ulaya kama Mozart na Beethoven, kiligeuzwa kuwa cha muziki wa rock. Wasikilizaji waliunda chama, wakapigana, na mwaka wa 1975 kituo kikarudia muziki wake. Tume ya mawasiliano ya nchi hiyo, FCC, ilishikilia kwamba si kazi yake kuchunguza aina ya muziki na kwamba soko liachiwe liamue. Chama cha wasikilizaji kiliipinga sera hiyo hadi Mahakama ya Juu, na mwaka wa 1981 mahakama ikaipa tume ushindi.

Mmoja wa majaji waliopinga uamuzi huo alikuwa Thurgood Marshall. Jina hili si geni kwetu. Ndiye yule wakili aliyewashauri wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa Lancaster House, London, mwaka wa 1960. Hoja yake katika kesi ya redio haikuwa kwamba serikali iwachagulie watu nyimbo. Alishikilia kwamba tume isiufunge mlango kabisa. Iache upenyo wa kusikiliza yale mashauri machache ambamo soko limeshindwa kuwatumikia watu.

Wenzake walio wengi hawakukubali. Kwa hiyo wasikilizaji wa mwaka wa 2005 hawakuwa na mahali pa kushtaki. Walichobaki nacho ni vinywa vyao na uwezo wa kuzima redio. Nacho kituo cha WNCN, kilichookolewa kwa jasho mwaka wa 1975, kiligeuzwa tena kuwa cha rock mwaka wa 1993.

Sasa turudi nyumbani. Nyimbo za namna hii sisi tunaziita zilizopendwa. Jina lenyewe linapotosha kidogo, kana kwamba mapenzi hayo yalikwisha zamani. Fadhili William, Fundi Konde na Daudi Kabaka wote watatu walifariki kati ya mwaka wa 2000 na 2001, na wangali wanapendwa. Lakini marehemu hawezi kwenda ofisini kwa mkuu wa vipindi kujitetea. Hutetewa na redio inayompiga, na msikilizaji anayeuliza kwa nini hapigwi.

Mwaka wa 1996, Capital FM ilipoanza kutangaza, Kenya ilipata redio yake ya kwanza ya kibinafsi ya FM. Tangu hapo vituo vimeongezeka sana. Hilo ni jema, nami ni miongoni mwa waliolifurahia. Sisi tulioishi katika enzi ya idhaa moja ya serikali hatutamani kurudi huko, na asije mtu akadhani kwamba naomba ofisa wa serikali akae na orodha ya nyimbo akiamua ipi ipigwe saa ngapi.

Hata hivyo, wingi wa vituo haukuleta wingi wa ladha kwa kadiri tuliyotarajia. Vituo vinashindana, na wanaowaniwa katika mashindano hayo ni vijana. Mimi mwenyewe nimewahi kufungulia redio Jumapili nikakuta kipindi nilichokifuata kwa miaka kimeondolewa, na mtangazaji mpya hakulitaja hata jina la aliyemtangulia. Nilidhani mtangazaji wangu ameugua. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba aliachishwa kazi.

Kwa kijana mwenye simu nzuri hili si tatizo, kwani wimbo ulioondolewa hewani ataupata kwenye mtandao. Ndivyo wanavyosema watetezi wa mabadiliko, na hoja yao ina uzito. Lakini Mkenya aliyekuwa na umri wa miaka 15 nchi ilipojinyakulia uhuru mwaka wa 1963 sasa amepita miaka 75. Wengi wa rika hilo wanaishi mashambani, watoto wao wako mijini, na redio ya betri ndiyo inayozungumza nyumbani tangu alfajiri hadi usiku. Ukimwambia mzee huyo akatafute nyimbo zake kwenye mtandao, umemwambia kwa adabu asitafute.

Tena alichokuwa akikipata si wimbo tu. Alipata sauti aliyoizoea, ikimtajia saa, ikimsomea vifo na salamu. Wapo waliokuwa wakinunua kadi za salamu na kuwataja jamaa kumi kwa majina, na wakafahamiana kupitia redio na watu ambao hawajapata kuonana nao uso kwa uso. Alijua kwamba rika lake kote nchini linausikia wimbo ule ule katika dakika ile ile. Mashine haimpi mtu hilo.

Yupo atakayesema kwamba msikilizaji hajalipa senti, hivyo hana la kudai. Sikubaliani naye. Amelipa kwa muda wake na kwa uaminifu wake, na mali hiyo ndiyo iliyouzwa kwa watangazaji wa bidhaa miaka yote. Isitoshe, mawimbi ya hewani si shamba la mtu. Ni mali ya umma inayotolewa kwa leseni, na ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inaitaka dola ikuze utamaduni wa taifa kwa njia zote, vikiwemo vyombo vya habari. Anayekabidhiwa mali ya umma hana budi kuwa na adabu kwa umma.

Adabu hiyo haihitaji fedha nyingi. Kwanza, msikilizaji aarifiwe mapema kwamba kituo kitabadilika, japo mwezi mmoja kabla. Pili, mtangazaji aruhusiwe kuaga. Tatu, hata kituo kikiamua kuwafuata vijana, kiziachie zilizopendwa saa chache za mwisho wa juma. Hakuna kituo kilichofilisika kwa Jumapili moja asubuhi. Nne, santuri na kanda za zamani zisitupwe jaani wala kuachwa ziliwe na vumbi, bali zihifadhiwe au zikabidhiwe wanaoweza kuzihifadhi.

Kwa upande wetu wasikilizaji, tusiwe watu wa kunung'unika sebuleni. Wenzetu wa New York hawakukirudishiwa kituo chao kwa huruma. Walisema kwa sauti, kisha wakaacha kusikiliza, na aliyekuwa hasikii kilio akasikia hasara. Nasi tuwaandikie wenye vituo, na tuwaandikie pia wenye bidhaa zinazotangazwa humo. Tuwakumbushe kwamba mzee naye hununua: hununua mbegu, dawa, sukari na sabuni, na katika nyumba nyingi za Kenya nyanya ndiye anayelipa karo ya wajukuu. Anayedhani kwamba mtu huacha kuwa mteja akifika miaka 55 hajapata kusimama katika duka la kijijini siku ya soko.

Marehemu Leonard Mambo Mbotela alianzisha kipindi chake, Je, Huu ni Ungwana?, mwaka wa 1966 katika Sauti ya Kenya, na kwa miongo mingi alituuliza swali hilo kuhusu mambo madogo madogo ya maisha: anayedaka maneno ya wenzake, anayekula bila kukaribisha, anayeondoka bila kuaga. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kosa mbele ya hakimu. Yote yalikuwa makosa mbele ya watu.

Kukizima kituo cha wazee usiku na kuamka na kingine asubuhi ni jambo la aina hiyo. Mahakama za Marekani zilikwisha sema halina kesi, na huenda za kwetu zikasema vivyo hivyo. Lakini swali la Mbotela lingali palepale, na wenye redio, ambao ndio warithi wa kazi yake, wanapaswa kuwa wa kwanza kulijibu.