Printa ya saiba isifungwe kwa kompyuta moja

Wadau, juzi nilishinda Likoni kwenye saiba ya mjomba wangu, si mbali na feri. Kazi yangu ni kuandika programu, lakini ukishasomea kompyuta chuo kikuu, ukoo mzima hukuhesabu fundi wa printa. Sikatai.

Asubuhi hiyo aliingia kijana anayevuka kwenda intavyuu kisiwani. Alitaka CV yake, nakala mbili. Printa ikagoma. Saiba ina kompyuta sita na printa moja, iliyochomekwa kwa USB kwenye kompyuta ya kaunta. Zile tano zote huipitia hiyo. Na ya kaunta ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kujisasisha. Kijana akatazama saa, akaondoka. Mjomba alipoteza shilingi 20. Yule kijana sijui alipoteza nini.

Msimamo wangu ni huu: penye kompyuta zaidi ya moja, nunua printa yenye poti ya mtandao, uiunganishe kwa waya moja kwa moja na ruta.

Zamani tulikuwa na poti sambamba, ile pana ya matundu 25, iliyotokana na printa za Centronics za mwaka 1970. Ilipeleka biti nane kwa pamoja; poti ya serial ilipeleka moja moja. USB ilipokuja mwaka 1996 ilituondolea waya mnene na skrubu zake. Lakini wazo halikubadilika: printa moja, bwana mmoja. Bwana akilala, printa nayo imelala.

Printa ya mtandao ina anwani yake yenyewe. Kompyuta yoyote huiandikia bila kumwomba mtu ruhusa. Tena waya wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5, ilhali wa mtandao hufika mita 100, kwa hiyo waweza kuiweka printa popote dukani.

Je, waifai? Nyumbani sina neno. Lakini kwenye saiba simu za wateja zinagombania hewa hiyo hiyo, na siku ukibadilisha nenosiri, printa inapotea.

Tahadhari moja. Stima ikikatika na kurudi, ruta yaweza kuipa printa anwani mpya, na kompyuta zikaendelea kuitafuta kule kwa zamani. Ingia kwenye ruta, uiwekee anwani ya kudumu. Ni kazi ya dakika chache.

Mtaniambia printa za bei ya chini mara nyingi huja na USB pekee. Kweli. Lakini piga hesabu ya wateja wanaoondoka kabla ya kusifia bei.

Wala sisemi mtupe vya zamani. Kama ofisi yako kule Changamwe bado hutoa hati za karatasi za kaboni, shikilia printa yako ya pini, maana leza haigongi karatasi, haiwezi kutoa nakala ya chini. Epson LX-300+II, kwa mfano, ina poti sambamba, serial na USB, kwa hiyo kompyuta mpya si sababu ya kuiuza.

Mjomba ameanza kuweka akiba. Nawe, kabla ya kulipa, igeuze printa uangalie mgongoni ina matundu gani. Mwenye rai tofauti anikosoe.