Mita ya Maji Kabla ya Leseni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Mambo ya Kale,
Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Jambiani, ambako naendesha nyumba ndogo ya wageni. Nina ombi moja: asipewe mtu leseni ya kulaza wageni, wala asihuishiwe aliyonayo, mpaka awe amefunga mita kwenye kila bomba na kila kisima anachochota, na awe tayari kuonyesha kila mwaka ametumia lita ngapi kwa kila mgeni aliyelala. Sharti hili nalitaka kwangu na kwa hoteli kubwa, sawasawa.

Naanza na maji kwa sababu mengine yanarekebishika. Chupa za plastiki huokotwa, taa hubadilishwa, paa la makuti huezekwa upya. Kisima kikishaingia chumvi, mwenye nyumba hana la kukifanya. Mwambao wetu wa mashariki umekaa juu ya jiwe la matumbawe lililojaa matundu. Mvua huzama humo, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko maji ya bahari, huelea juu yake chini kwa chini. Wataalamu wana hesabu yake: kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji hayo chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ikigeuzwa inatisha. Pampu ikishusha maji kwa mita 1 na yakabaki hapo, chumvi nayo hupanda kutoka chini kwa takriban mita 40. Mwenye pampu hana habari, maana kwa juu anaona kisima kimepungua kidogo tu. Anayetangulia kujua ni jirani, siku chai yake inapokuwa na ladha ya bahari.

Tazama na majira, Mheshimiwa. Wageni hujaa Julai na Agosti, kusi linapovuma na masika yameshapita. Hujaa tena kuanzia mwisho wa Disemba hadi Februari, vuli imekwisha na jua ni kali. Masika yenyewe, visima vinapopata mvua, vyumba vyetu huwa vitupu. Yaani biashara hii huchota sana pale ardhi inapopokea kidogo. Na wageni wanaongezeka: mwaka 2024 Zanzibar ilipokea zaidi ya wageni laki 7 kutoka nje.

Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha utafiti wake juu ya maji na utalii katika mwambao huu huu. Alikuta mgeni wa nyumba ndogo ya wageni anatumia wastani wa lita 248 kwa siku, na mgeni wa hoteli lita 931. Mwenyeji alikuwa akitumia lita 48. Ajuaye hoteli atadhani tofauti hiyo ni ya mabafu na mashuka. Sivyo. Karibu nusu ya maji ya hoteli yalikuwa yakimwagiliwa bustani, kwa sababu udongo wetu haushiki maji na mimea iliyopandwa si ya kustahimili ukame. Robo karne imepita, na sisi tunaolaza wageni bado hatudaiwi kusema tunatumia lita ngapi.

Mshauri mmoja wa biashara aliwahi kuniambia kwamba nyumba isiyo na nyasi za kijani wala bwawa la kuogelea haitapata mgeni. Nyasi sikupanda. Uwanja wangu una minazi, mwarubaini wa kivuli, na mikadi upande wa pwani, miti inayoishi hapa bila mpira wa maji. Migomba iko nyuma ya bafu, inakunywa maji ya kuogea. Shuka hufuliwa mgeni anapoondoka au anapoomba, na hakuna aliyewahi kulalamika alipoelezwa sababu. Mvua naikinga, ingawa hapo kuna jambo ambalo wajenzi wengi hawalisemi: paa la makuti wanalolipenda wageni halifai kwa kazi hiyo. Maji yake hutoka ya kahawia, yananuka majani. Ndiyo maana jiko nimeliezeka mabati, na mfereji wake unashuka kwenye simtanki.

Haya yote nayafanya kwa hiari, na hiari haitoshi. Anayemwagilia nyasi adhuhuri na anayekinga mvua wanapewa leseni ile ile, wanaandika neno "mazingira" kwenye matangazo yao kwa herufi zile zile. Mgeni akitaka kuchagua nyumba isiyomkausha jirani, hana pa kuangalia. Mita ndiyo itakayomwonyesha.

Ipo sababu nyingine, nayo iko baharini. Maji yanayoingia nyumbani lazima yatoke, na huku hayana pa kutokea ila kwenye karo. Karo lililochimbwa bila kutiwa sakafu linavujia kwenye matundu ya jiwe lile lile, na jiwe linashuka pwani. Pwani hiyo ndiko wanawake wa Jambiani na Paje wanakolima mwani tangu 1989, wakiinama majini bamvua linapotoka. Wameshapigwa na joto la bahari, ambalo limewaulia mwani wa bei nzuri. Tusiwaongezee uchafu wa vyoo vya wageni. Kwa hiyo anayekagua mita akague na karo: lina sakafu? Mara ya mwisho lilinyonywa lini, na gari lilikwenda kumwaga wapi?

Najua wenzangu wenye nyumba ndogo watasema mita ni gharama nyingine juu ya gharama. Ni kweli kodi na ada ni nyingi, na nitasimama nao zikijadiliwa. Lakini hili la kukataa mita silikubali, kwa sababu kisima kikiharibika, hoteli kubwa inaweza kununua mtambo wa kuchuja maji ya bahari. Sisi hatuwezi, na mwanakijiji ndiyo kabisa. Mita inatulinda sisi kwanza. Kama fedha ni tatizo, wenye vyumba vichache waruhusiwe kulipia mita kidogo kidogo pamoja na ada ya leseni.

Usimamizi usiundiwe chombo kipya. Kamisheni ya Utalii inatoa leseni, Mamlaka ya Maji ina mafundi wa mita, na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira ina wakaguzi. Wakubaliane karatasi moja yenye jina la nyumba, idadi ya waliolala, na lita zilizotumika kutoka bombani, kisimani na kwenye mtambo kama upo. Nakala ibandikwe kila mwaka katika ofisi ya sheha, ili anayechota kisima jirani aisome.

Naomba agizo litoke masika haya, Mheshimiwa, mafundi wakiwa na nafasi na vyumba viko wazi, ili wageni wa Julai wakute mita zimeshafungwa.

Wako katika kazi,
Mwenye nyumba ya wageni,
Jambiani, Kusini Unguja.