Anayesinzia darasani huenda ni mgonjwa

MWANAFUNZI akisinzia darasani kila siku, wengi wetu humwita mvivu. Wengine hudai amerogwa.

Tujihadhari. Mwaka 1998 wanasayansi walitangaza kugundua jeni inayotengeneza oreksini, protini ndogo inayoupa ubongo ishara ya kukaa macho. Mwaka 2000 ikabainika kuwa wagonjwa wengi wa nakolepsi, maradhi ya kushikwa na usingizi ghafla mchana, wamepoteza karibu seli zote za kuitengeneza. Kwa kawaida jeni yenyewe ni nzima. Seli ndizo zimekufa.

Viboko havitazirudisha seli hizo. Walimu na wazazi, kabla ya kumwadhibu mtoto wa aina hii, mpelekeni kwa daktari. Dawa za kumsaidia kukaa macho zipo. Matusi hayajawahi kumponya mtu.