Kikombe Kilichowekwa Rahani



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona ukurasa huu, ambao desturi yake ni kuzungumza juu ya sala, na malezi, na haki za jirani, mwezi huu umeingia katika uwanja wa mpira. Tunaomba mtuvumilie. Jambo lililotuingiza humo lilikuja lenyewe mlangoni petu, nalo si mpira, bali ni deni.

Vijana wa mtaa wetu, ambao wengi wao wamesoma juzuu zao za kwanza mbele yetu, wana chama chao cha mpira. Mwaka uliopita walialikwa kushindana katika mji mwingine. Wakakodi lori, nasi tukawasomea Fatiha. Wakaenda, wakashinda, wakarudi na kikombe huku wakiimba njia nzima. Siku ya tatu baada ya furaha ile, tulipotoka katika sala ya Alasiri, alitujia mwenye lori, akatusalimu kwa adabu, akasema, "Maalim, vijana wako hawajanilipa nauli yangu. Nao wameniambia ningoje mpaka kikombe kipate mnunuzi." Tuliona haya kubwa. Tulikuwa tumewaombea dua ya safari, wala hatukuwauliza nauli ya safari hiyo itatoka wapi.

Usiku ule tuliwaita barazani, tukawasimulia kisa cha chama kimoja cha mpira cha kijiji kidogo huko Uingereza. Kisa chenyewe ni cha kweli, nasi twakisimulia hapa ili kiwafae na walio mbali na baraza yetu.

Upande wa kaskazini wa Uingereza, katika wilaya ya Durham, kuna kijiji kiitwacho West Auckland. Zamani wilaya hiyo yote ilikuwa nchi ya machimbo ya makaa ya mawe, na wanaume wa kijiji hicho riziki yao ilikuwa chini ya ardhi. Walishuka shimoni kuchimba, wakapanda na nyuso nyeusi kwa vumbi, na katika siku za mapumziko wakacheza mpira. Wachezaji wao walikuwa wa ridhaa, maana yake hawakulipwa ujira wa kucheza. Walicheza kwa mapenzi tu.

Basi kulikuwa na tajiri mmoja, Sir Thomas Lipton, mzaliwa wa Glasgow. Jina lake hapana nyumba kwetu isiyolijua, kwani ndiye aliyenunua mashamba ya chai katika kisiwa cha Ceylon, kinachoitwa sasa Sri Lanka, na hata leo jina hilo limeandikwa juu ya paketi za chai madukani. Tajiri huyo alitoa kikombe kikubwa kishindaniwe katika mji wa Turin, nchi ya Italia, na timu za mataifa mbalimbali. Mwaka 1909 zilikutana huko timu za Italia, Ujerumani na Uswisi. Na kutoka Uingereza, nchi yenye timu nyingi mashuhuri za wachezaji wa kulipwa, waliokwenda walikuwa wachimba makaa wa West Auckland.

Wakafika, wakawafunga Wajerumani wa Stuttgart mabao 2 kwa 0; kisha katika mchezo wa mwisho wakawafunga Waswisi wa Winterthur, nao pia 2 kwa 0, wakarudi kwao na kikombe. Mwaka 1911 wakaitwa tena kukitetea. Wakawashinda watu wa Zürich mabao 2 kwa 0, na katika mchezo wa mwisho wakakutana na Juventus, timu ya mji ule ule wa Turin, ambayo hii leo ni miongoni mwa timu zenye sifa na mali kubwa katika dunia. Wachimba makaa wakawatia mabao 6, wao wakatiwa 1. Kwa kuwa walikuwa wameshinda mara mbili mfululizo, kikombe kikawa chao moja kwa moja.

Tulipofika hapo vijana wetu walipiga makofi, na mmoja akasema, "Mashaallah, Maalim, hao ndio wanaume!" Tukamwambia asubiri, kwani kisa hakijesha.

Safari ya kutoka Durham mpaka Italia, kwa gari la moshi na kwa meli, haikuwa bure. Na mchimba makaa asiyeshuka shimoni hapati mshahara wa siku hiyo. Mabingwa walirudi na kikombe mkononi na deni mgongoni. Kijijini palikuwa na hoteli iitwayo Wheatsheaf, nyumba ya wageni na ya vileo, na mwenye kuiendesha alikuwa mwanamke. Chama kikaenda kwake kukopa, naye akataka dhamana. Walikuwa na kitu gani cha thamani isipokuwa kile kikombe? Wakakiweka rahani, wakapewa pauni 40, ambazo kwa mchimba makaa wa wakati ule zilikuwa ujira wa kazi ya miezi mingi.

Kikakaa huko miaka hamsini, au karibu yake. Vita vikuu viwili vikapita juu yake. Waliokishinda wakazeeka, na watoto wao wakakua wakisikia habari za kikombe ambacho hakikuwa mikononi mwao. Mpaka mwaka 1960 ndipo watu wa kijiji walipokikomboa kutoka kwa jamaa ya mwanamke yule, kwa pauni 100. Wakakiweka katika jumba la chama cha wafanyakazi, kila apitaye akione. Na mwezi wa Januari 1994 wakaingia wezi, wakakiiba, wala hakikuonekana tena. Kilichopo sasa ni mfano wake uliofanywa badala ya kile cha asili. Machimbo ya makaa ya Durham yamekwisha kufungwa yote, lakini chama cha West Auckland kingali kinacheza, na wachezaji wake ni watu wenye kazi zao nyingine.

Wasomaji watukufu, tusiwacheke watu hao. Kuweka rahani si aibu katika dini yetu. Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.) aliondoka duniani hali deraya yake iko katika rahani kwa Myahudi mmoja, kwa ajili ya pishi thelathini za shayiri alizozichukua kwa chakula cha watu wa nyumbani kwake. Na Mwenyezi Mungu ametaja rahani katika Suratul Baqara, baada ya ile aya ya deni, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Qurani. Fikirini: aya iliyo ndefu kuliko zote inatufundisha kuandika deni, na kutaja muda wake, na kuweka mashahidi, liwe deni dogo au kubwa. Alijua Muumba wetu kwamba mahali hapo ndipo tutakapoteleza.

Wenye elimu watatuuliza: pauni 40 ziligeukaje zikawa 100? Swali ni zuri. Kuna atakayesema kwamba bei za vitu zilikuwa zimepanda mno, hata pauni 100 za mwaka 1960 hazikuweza kununua vilivyonunuliwa kwa pauni 40 kabla ya vita vya kwanza. Kwa hesabu, maneno hayo ni kweli. Lakini kwetu ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo ni riba, wala kupanda kwa bei hakumpi mtu ruhusa ya kuichukua bila ya kuwauliza wanavyuoni. Sisi twaona funzo jingine: deni likikawia, huwaumiza wote wawili. Mkopeshaji hukosa haki yake, na mkopaji hukosa heshima yake.

Nasi tukawaambia vijana hivi: watu wa West Auckland waliweka rahani kitu kilicho chao. Ninyi mmeweka rahani nini? Mwenye lori hana dhamana yoyote mkononi mwake. Alichonacho ni neno lenu tu, na Fatiha yetu sisi. Mkimdhulumu, mmeuza hivyo viwili, na hivyo havikombolewi kwa pauni 100.

Wakanyamaza kimya. Kisha nahodha wao, kijana mpole, akasema kwamba fedha za mchango zilikuwapo, lakini walizitumia kwa karamu ya ushindi, wakidhani nauli itapatikana. Hapana aliyeiba. Hapana aliyeandika pia. Tukajua kosa si lao peke yao. Sisi wazee hupenda kuwakemea vijana kwa kupoteza wakati uwanjani, na kisha siku wanaposhinda tukala nao pilau bila ya kuuliza imenunuliwa kwa fedha za nani.

Wakaliacha neno la kuuza kikombe. Wakagawana kazi: wengine walichukua mchanga na mawe ya mjenzi, wengine walipakua mizigo sokoni, na deni likalipwa kwa mafungu manne. Nasi tulitoa sehemu yetu, si kwa ukarimu, bali kwa kuwa tulikuwa washiriki katika ghafula ile.

Enyi vijana wenye vyama vya mpira, na vya maulidi, na vya kusaidiana, yashikeni machache haya. Kabla ya safari, fanyeni hesabu ya kwenda na ya kurudi. Mwenye kushika fedha asiwe ndiye mwenye kuandika, na daftari lisomwe mbele ya wote. Na mkipata ushindi, mlipeni kwanza mnayedaiwa naye, kisha ndipo mpike. Nanyi wazazi, mtoto akija kuomba radhi ya safari, mpeni radhi, na mumuulize habari ya nauli.

Kikombe cha mtaa wetu kimo katika kabati ya chuo chetu, pamoja na misahafu ya watoto. Daftari la chama limewekwa kando yake. Mwenye lori amekwisha kuwachukua tena mara mbili, na safari ya pili, kabla hajaanza kuidai, alikuta nauli yake imo ndani ya bahasha.

Mwenyezi Mungu atulipie madeni yetu, tunayoyajua na tuliyoyasahau, wala asitufishe na haki ya mtu shingoni mwetu. Amin.

Wabillahi taufiq.