Jaji na Hukumu za Waliomtangulia

Ndugu zangu wa Bwiza, tulizungumze kidogo jambo la majaji, maana wengi wetu huingia mahakamani mara moja tu maishani, na mara hiyo huwa ni ugomvi wa parseli ya marehemu baba. Nyumba ni moja, watoto ni wa mama wawili, binti mkubwa ameolewa Buyenzi, na kaka zake wanasema mwanamke hana fungu. Kwa miaka mingi nchi yetu ya Burundi imekaa bila sheria iliyoandikwa ya mirathi, kwa hiyo kesi hizi huamuliwa kwa mila, na mila hiyo husemwa na jaji. Jaji huyu akimpa binti haki yake kwa kuwa Katiba inakataza ubaguzi, na yule akamnyima kwa desturi ya wazee, raia ashike lipi?

Mjuzi atainuka atuambie kwamba jaji wa Burundi hafungwi na hukumu ya mwenzake. Ni kweli. Tumerithi utaratibu wa Wabelgiji, nao waliutoa katika sheria za kiraia za Ufaransa za 1804, zilizomkataza jaji kugeuza uamuzi wa kesi moja kuwa kanuni ya watu wote. Wafaransa walikuwa na sababu yao: mahakama za enzi za wafalme wao zilikuwa zimejifanya watunga sheria. Kenya wana njia nyingine. Kifungu cha 163 cha Katiba yao ya 2010 kinazifunga mahakama nyingine zote kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu. Sisemi tuwaige. Lakini jaji asiyefungwa na hukumu ya jana hajaruhusiwa kuacha kuisoma. Hata baraza la bashingantahe, wazee wetu waamuzi wa mila, lisilo na kabati la mafaili, lilikuwa na watu wanaokumbuka.

Tazameni alichofanya Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu ya Tanzania, Mwanza, mwaka 1990. Mama mmoja wa Kihaya, mzee, asiye na wa kumtunza, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mpwa wake akashtaki: kwa mila mwanamke haruhusiwi kuliuza. Mahakama ya mwanzo ikampa ushindi mpwa, ya wilaya ikampa mama, shauri likapanda. Mwalusanya alikuta hukumu ya 1968, ambamo jaji mwingine alikuwa amesema kwamba hata akimwonea mwanamke huruma, mila inamfunga. Hakujifanya hakuiona. Aliitaja, kisha akaeleza kilichobadilika tangu hapo: haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984. Mama akashinda. Anayeichukia hukumu ile anajua ajibu hoja gani, na hayo ndiyo mamlaka ninayoyataka kwa majaji wetu. Joho peke yake hata fundi wa sokoni anaweza kulishona.

Nasi tuna mambo yetu, ingawa yanauma kuyataja. Mei 2015 Mahakama yetu ya Katiba iliamua kwamba Rais Nkurunziza anaweza kugombea muhula wa tatu, kwa kuwa mara ya kwanza, mwaka 2005, alichaguliwa na Bunge, si na wananchi. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikimbilia Rwanda akisema majaji wametishwa. Novemba 2021, Nkurunziza mwenyewe akiwa ameshafariki, majaji wa rufani wa Mahakama ya Afrika Mashariki walitamka kwamba uamuzi ule ulivunja Mapatano ya amani ya Arusha, Katiba na Mkataba wa Jumuiya. Hukumu husomwa tena, waheshimiwa, tena na watu msiowajua.

Basi, majaji, andikeni sababu. Mkimfuata mwenzenu, mtajeni. Mkimwacha, semeni kwa nini, hata kama ni parseli ya vyumba viwili. Na walimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Burundi wazikusanye hukumu za mirathi na kuzichapisha, zisiozee kwa makarani.

Nasi wenye kesi tuache kutoka mlangoni tukipiga vigelegele au tukilaani. Omba nakala ya hukumu. Usiyejua kusoma, tafuta kijana akusomee yote. Ukitaka kukata rufani, karatasi hiyo ndiyo wakili atakayoiomba kwanza, na siku zinahesabiwa.